Kama ni Tamu Hivyo, Nenda Wewe

Kaka yangu alimwaga unga kwa maana zote mbili, tena siku moja. Kiwanda cha mkate alichokisambazia tangu hajaoa kiliuza magari yake yote, na madereva wakaagwa kwa kiinua mgongo, kupeana mikono, na mfuko wa unga kila mmoja. Alipofika mlangoni kwetu, mfuko ukapasuka. Mama na mimi tulitoka tukamkuta amesimama, mweupe kuanzia kifuani mpaka viatuni, mkononi ameshika karatasi tupu ya mfuko.

"Haya," akasema. "Sasa imekuwa rasmi."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaelewa maana yake, akaenda kutafuta ufagio.

Tulikuwa watano katika nyumba ile. Mama, Kaka, mke wake, yaani wifi yangu, aliyekuwa akisuka wateja nywele barazani, binti yao aliyekuwa ameanza darasa la kwanza, na mimi, kitinda mimba, ninayetengeneza simu kwenye meza iliyo chini ya dirisha la mbele. Yule binti tulimwita Kasuku, kwa sababu neno lolote lililosemwa mbele yake lilitoka tena mahali pengine, kwa sauti ile ile ya aliyelisema. Ukitaka jambo lako lifike mtaa wa pili, mnong'oneze Kasuku umwambie ni siri.

Kaka si mtu wa kukaa na huzuni. Yeye ni mtu wa usukani, na mtu wa usukani akikaa sana kwenye kiti kisichotembea anaanza kusumbua watu. Kabla unga haujaisha kutoka kwenye nywele zake alikuwa ameshatangaza: sasa anakwenda kwenye malori. Yale ya tela, yenye matairi ambayo ukianza kuyahesabu lori linakuwa limeshapita.

Njia za kujifunza zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kampuni ya mizigo, ile yenye uzio wa bati la bluu nyuma ya maghala. Walikuwa wamebandika tangazo getini: tunasomesha madereva bure, kulala juu yetu, chakula juu yetu, buti na sare juu yetu. Ukishapata leseni unaifanyia kampuni kazi miaka miwili. Ukiondoka kabla ya hapo, unarudisha gharama zote za kusomeshwa. Ya pili ilikuwa chuo cha Mwalimu, dereva mmoja mstaafu aliyekuwa na uwanja wake upande wa pili wa mji. Kwake unalipa mwenyewe, unasoma, unapata leseni yako, na ukitoka hapo hudaiwi na mtu hata salamu.

"Mimi najilipia," Kaka alisema tukiwa mezani.

"Kwa nini?" Wifi aliuliza. Hakuinua macho. Alikuwa anamtolea Kasuku miba ya samaki.

"Kwa sababu bure yao ina kamba. Miaka miwili uko kama mbuzi kwenye kigingi."

"Na kiwanda cha mkate kilikufunga miaka mingapi?"

"Kule sikufungwa. Nilikaa kwa hiari yangu."

"Ulikaa kwa hiari yako mpaka wakakuondoa kwa hiari yao."

Mama alipaliwa na chai. Mimi nikaangalia sahani yangu, maana nikicheka nitaulizwa niko upande gani.

"Sikiliza, Baba Kasuku," Wifi akaendelea, na sasa aliinua macho. "Hicho kiinua mgongo ndicho tulichonacho. Ukikipeleka kwa Mwalimu utapata leseni, sawa. Kesho yake unaamka una leseni na huna kazi. Kampuni wanakupa vyote kwa mlango mmoja. Magari yenyewe mapya, mkufunzi yupo kila siku, hufikirii utakula nini. Ukimaliza miaka miwili una leseni na umeshazunguka kila barabara. Nani atakukataa? Hiyo ni bahati imekuja kubisha hodi, wewe unauliza imevaa viatu gani."

Alisema vizuri sana. Alisema kama mtu aliyekuwa anayawaza maneno hayo kwa muda, na nadhani ndicho kilichomuudhi Kaka. Akasukuma kikombe pembeni.

"Kama ni tamu hivyo, nenda wewe!"

Wifi akaweka kipande cha samaki kwenye sahani ya mtoto, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Naenda," akasema.

"Unaenda wapi?"

"Kampuni. Tangazo halijasema mwanamume. Nimelisoma mara tatu."

Kaka akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikosa miguu. Kwa sababu alikumbuka, na sote tulikumbuka, mwaka ule aliovunjika mkono. Ni Wifi aliyepeleka mkate wakati huo. Alichukua leseni ya magari madogo haraka haraka, akaendesha lile gari la kiwanda mpaka bandeji ilipotolewa, na wenye maduka walikuwa wakimuuliza Kaka kwa upole kama mkono wake kweli umeshapona, asiharakishe.

"Naenda," alisema Kasuku kwa sauti ya mama yake, akaendelea kula.

Siku iliyofuata Wifi alikwenda getini kwenye bati la bluu. Walimpima macho, wakampa gari dogo alizungushe uwanjani, wakamuuliza kwa nini anataka. Alituambia alijibu, "Nimechoka kusimama. Nataka kazi ya kukaa inayotembea." Wakamwambia aje kusaini.

Kwenye kusaini Kaka alikwenda naye, na mimi nikafuata kwa sababu nisingekosa hiyo kwa chochote. Alikuwa bado amenuna. Lakini alivaa shati lake la kwendea harusini, akakaa mbele ya karani wa kampuni, akasema, "Nisomee polepole. Mke wangu haandiki jina lake kwenye kitu ambacho sijakisikia."

"Mke wako ndiye anayesaini, mzee," karani alisema.

"Na mimi ndiye nitakayebaki nyumbani na mtoto. Soma."

Karani akasoma. Kaka akawa anamsimamisha kila aya. Akiugua? Analipwa nusu. Akizaa? Mkataba unasimama, unaendelea akirudi. Akifeli mtihani? Anarudia mara moja kwa gharama ya kampuni. Karani alianza kutoa jasho kwenye ofisi yenye feni. Halafu Wifi mwenyewe akauliza swali moja.

"Mimi nikiwaacha nawalipa. Nyie mkiniacha?"

"Vipi?"

"Kazi zikipungua mkanipunguza. Magari yanauzwa, hilo tumeshaliona. Nitadaiwa?"

Karani alitazama karatasi mbele, akaitazama nyuma, akasema ngoja. Alikwenda ndani kwa bosi, akakaa huko mpaka tukadhani ametokea mlango mwingine. Aliporudi alisema kampuni ikikuacha yenyewe bila kosa lako, hudaiwi kitu.

"Andika hapo," Wifi akasema.

"Inaeleweka, dada."

"Andika ili ieleweke na atakayekuja baada yako."

Akaandika kwa mkono pembeni, akagonga muhuri. Wifi akasaini. Tulipotoka nje Kaka akamnyang'anya mkewe mkoba akaubeba yeye. "Lile swali," akasema, "lingetakiwa liwe langu." Kununa kukaishia hapo. Lakini hakubadili msimamo wake. Alasiri hiyo hiyo alikwenda kwa Mwalimu kujiandikisha kwa pesa zake.

Basi nyumba moja ikawa na wanafunzi wawili wa lori, mmoja wa kampuni na mmoja wa mfuko wake, na kila mmoja akiamini mwenzake amepotea njia.

Wifi alipohamia kulala kampuni, Mama alisema kufua, kupika na kumpeleka mtoto shule ataweza, ila suala la nywele asitegemewe. Likaniangukia mimi. Naweza kufungua simu ndogo kuliko kucha nikaifunga ikalia, lakini kichwa cha Kasuku kilinishinda. Alikwenda shule wiki ile akionekana kama mtu aliyetoka kwenye upepo, na mwalimu wake akauliza kwa heshima kama kuna msiba.

Kampuni, Wifi alitueleza kwenye simu, ilikuwa kama jeshi lenye chakula kizuri. Wanaamka mapema, wanakagua magari, mafuta, maji, matairi, breki za upepo, taa. Mkufunzi wao alikuwa mtu mwembamba, mkavu, asiyetabasamu, na wanafunzi walimwita Kioo kwa sababu ndilo neno lake. Ukikata kona: "Kioo!" Ukisimama: "Kioo!" Ukipita mezani na sahani yako, "Kioo!" na kweli ukigeuka unakuta kulikuwa na mtu nyuma yako.

Kwa Mwalimu mambo yalikuwa mengine. Mwalimu alikuwa mnene, mwenye maneno mengi, mfuko wa shati umejaa karanga, na alikuwa na lori moja tu la tela, kongwe, mlango wa kulia umefungwa kwa waya. Wanafunzi waliliita Bibi Harusi, maana halikwenda popote bila kusindikizwa. Kila asubuhi walilisukuma ndiyo liwake. Siku lilipogoma kabisa, Mwalimu alisema, "Leo ni somo la injini," na wote wakaingia chini yake. Kaka alirudi nyumbani amepaka grisi mpaka kwenye masikio. Alidai saa moja tu ya usukani anaipata baada ya nusu siku ya kungoja zamu. Lakini alikuwa anarudi. Jioni yupo, anamsikiliza mtoto akisoma, siku asizo na zamu anapata vibarua vya kuendesha gari la mtu huyu na yule.

Na kwenye simu kila mmoja alikuwa anajisifia.

"Magari yetu yana viti vya upepo," Wifi anasema.

"Sisi tunajifunza gari lenyewe, si viti," Kaka anajibu. "Mimi naendelea vizuri sana. Narudi nyuma kama maji."

Hapo Kasuku akasogea kwenye simu, akasema kwa sauti nene ya Mwalimu: "Wewe bwana, umenivunjia choo!"

Kisha simu ikaanza kucheka yenyewe, cheko la Wifi lile la kukatika pumzi. Kaka alikuwa amemchukua mtoto Jumamosi akamtazame baba yake akiendesha, na baba yake akarudi nyuma kama maji mpaka ndani ya ukuta wa choo cha chuo. Bahati nzuri hakukuwa na mtu. Mwalimu, Kasuku alieleza, ndiye aliyekuwa anakwenda humo.

"Ulikuwa ukuta wa zamani," Kaka akasema.

Lakini kulirudisha tela nyuma si jambo la kuchekea, na zamu ya Wifi ikafika. Siku moja mchana simu yake ilikuja, na sauti haikuwa yake. Alikuwa amekaa ndani ya lori peke yake, wenzake wamekwenda kula. Tangu asubuhi alikuwa anajaribu kuliingiza tela kati ya koni. Akipeleka usukani kulia, tela linakwenda kushoto. Akirekebisha, linajikunja kama linataka kumtazama usoni. Kioo hakumfokea, na hilo ndilo lililomuumiza. Alisema tu, "Pumzika," kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Labda Baba Kasuku alisema kweli," Wifi akaniambia. "Angalau angekuwa anafeli kwa pesa zake. Mimi nafeli kwa pesa za watu, na bado nitadaiwa."

Simu ilikuwa kwenye spika juu ya meza yangu. Nyuma yangu Kaka alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha grisi, amesikia. Nilingoja aseme, nilikwambia. Aliinama kwenye simu akasema, "Mama Kasuku, mimi pia silijui. Choo kile kilikuwa cha pili. Njoo Jumapili, tutalitafuta pamoja."

Jumapili Wifi akaja kwa ruhusa, na buti zake za kampuni ambazo Mama alizipapasa kama mtoto mchanga. Baada ya chakula Kaka akatutoa wote uani. Alikuwa amefikiria. Akachukua mpini wa fagio, akanishikisha ncha moja mbele ya tumbo, ncha ya pili akaiweka kwenye mgongo wa Wifi.

"Wewe ni kichwa cha lori," alimwambia mkewe. "Huyu ni tela. Rudini nyuma mpaka kwenye kamba ya nguo, muingie katikati ya shuka mbili."

Tukaanza. Wifi akapinda kiuno kulia, mimi nikasukumwa kushoto, nikaingia kwenye ndoo za maji. Mara ya pili tulijikunja tukabaki tunatazamana uso kwa uso, mpini katikati, tukaanguka kwa kucheka. Kaka akajaribu yeye kuwa kichwa, akanipeleka moja kwa moja mlangoni kwa jirani. Majirani walikuwa wameshapanga viti upande wao wa ukuta mfupi. Mtu akapiga kelele, "Mpe kona!" Mwingine, "Tela limeshiba hilo, lipunguzeni mzigo!" na mimi nikamwambia aje yeye awe tela tuone.

Sijui ni mara ya ngapi. Nilianza kusikia kwa tumbo langu kitu ambacho Wifi alianza kukisikia kwa mgongo wake. Alikuwa anasukuma kidogo tu upande usio wake, kisha haraka anaufuata, kabla sijakwenda mbali. Kidogo, ufuate. Kidogo, ufuate. "Nilikuwa nangoja mno," alisema, huku anarudi nyuma, huku anatazama kulia na kushoto. "Nilikuwa nangoja liende ndiyo nilifuate. Likishakwenda limeshakwenda." Tukapita katikati ya shuka mbili bila kugusa hata moja. Uani pote pakalipuka. Mama alipiga vigelegele, akavua kilemba akanifunga mimi, tela.

"Kioo!" alisema Kasuku kwa sauti kavu isiyotabasamu, kama mama yake alivyoiigiza kwenye simu, na Wifi aligeuka kwa hofu kabla hajakumbuka yuko nyumbani.

Mtihani ukaja. Serikali inatahini wote kwenye uwanja mmoja, wa kampuni na wa vyuo vidogo, kwa hiyo siku hiyo mume na mke walikuwa kwenye foleni moja. Upande huu malori ya kampuni yanang'aa, upande ule Bibi Harusi, limesukumwa na wanafunzi wote na ndugu zao, mimi nikiwemo. Mtahini alikuwa mama mmoja mwenye miwani na mwavuli, asiye na haraka.

Wifi alitangulia. Alipanda, akafunga mkanda, akatazama vioo vyote mpaka nikaona Kioo, kule pembeni, anameza mate. Akaendesha, akakata kona, akasimama kwenye kilima bila kurudi hata kidogo, akaja kwenye koni. Niliushika mkono wa Mama. Kidogo, ufuate. Tela likaingia kama droo inaingia kabatini. Mtahini akaandika kitu, akainua kidole gumba. Kioo alivua miwani yake ya jua akaifuta muda mrefu, na nilipopita karibu yake macho yake yalikuwa mekundu. Akaniambia ni vumbi.

Halafu zamu ya Kaka. Bibi Harusi liliwaka kwa mara ya kwanza bila kusukumwa, na uwanja mzima ukashangilia kama kipofu ameona. Na Kaka aliendesha! Alikuwa anabadili gia za lile kongwe kwa sikio tu, anajua linaugulia wapi. Akarudi nyuma kwenye koni safi kabisa, pengine safi kuliko mkewe. Akazima injini. Akafungua waya wa mlango, akaruka chini mikono juu, akamkimbilia Wifi.

Nyuma yake Bibi Harusi, bila breki ya mkono, lilianza kuteremka taratibu, kwa heshima, kama mtu anayeondoka kwenye sherehe bila kuaga. Likalala juu ya koni moja, likasimama.

Mtahini alifunga mwavuli wake. "Kijana," akasema, "ulikuwa umefaulu mpaka uliposhuka."

Siku hiyo nyumbani hatukujua tushangilie au tunyamaze. Tuliandaa mezani kwa kunong'ona. Kaka alikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, tukadhani analia, kumbe anacheka. "Mlimwona alivyoondoka?" akasema. "Hata hakugeuka nyuma!" Tukacheka mpaka Mama akaomba tumwonee huruma mbavu zake. Kaka akasimama, akamkumbatia mkewe mbele yetu sote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya Mama. Alirudia mtihani mzunguko uliofuata akapata leseni, na mpaka leo akipaki hata baiskeli anaitazama mara mbili.

Sasa nisije nikaonekana natia chumvi. Yale waliyobishania mezani yote mawili yalikuwa kweli. Wifi alianza kazi wiki ile ile, safari za mbali, na mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa madereva wengine kwa sababu ndivyo mkataba ulivyo mwaka wa kwanza. Jino la kwanza la Kasuku liling'oka mama yake yuko njiani, akaliona kwenye simu, akasema ni zuri, akakata haraka. Kaka naye alizunguka na leseni yake mfukoni, huru kabisa, na kila mlango ukamuuliza neno moja: uzoefu? Alirudi jioni amechoka kuliko aliyeshinda kazini. Nilimsikia mara moja akiiambia leseni, "Haya, si tulitaka uhuru."

Aliyemsaidia alikuwa Mwalimu. Alikuwa na rafiki mwenye kupeleka mchanga na kokoto kwenye majengo, aliyechoka na madereva wa kumpigia simu kila taa ikizima. Mwalimu alimwambia, ninaye mmoja aliyekaa chini ya lori langu kuliko juu yake. Kaka akajaribiwa siku moja. Lori likagoma njiani, akashuka, akachakura, akaendelea na safari, akafikisha mchanga. Akaajiriwa.

Na kabla hajazoea kiti, Kioo naye akampigia. Kampuni ilikuwa inatafuta madereva wenye leseni tayari. Wangemchukua bila mkataba wa miaka miwili, na kwa malipo mazuri kuliko ya mchanga, lakini ni safari ndefu. Alilizungumza na Wifi siku aliyokuwa mapumzikoni, wamekaa barazani, yeye Wifi anamsuka mtoto hatimaye kichwa kikawa kichwa.

"Ni lori la tela," Wifi alisema. "Ndilo ulilolitaka."

"Nalitaka bado."

"Basi nenda. Tutapanga."

Kaka akamtazama Kasuku aliyekuwa amesinzia kwenye mapaja ya mama yake, mdomo wazi, pengo linaonekana.

"Mmoja wetu awe anarudi jioni," akasema. "Wewe huwezi kuchagua sasa hivi. Mimi naweza. Ndicho nilichokilipia." Akanyoosha miguu. "Miaka yako miwili ikiisha tutabadilishana, wewe upige mchanga, mimi nikaione dunia."

"Basi hilo la mchanga lisiwe na mlango wa waya kama Bibi Harusi," Wifi akasema, lakini sauti yake ilikuwa laini, na mkono ulikuwa umeacha kusuka.

Wiki chache baadaye Wifi alipiga simu asubuhi: amepangiwa mzigo unaopita barabara kuu ya mtaani kwetu, na kampuni imemruhusu apumzike pale kwenye eneo la kuegesha. Habari ilimfikia Kasuku, kwa hiyo ilimfikia kila mtu. Kaka alimwomba tajiri wake saa moja. Tulipofika kulikuwa na watu kama kwenye mechi: wateja wake wa kusuka, majirani wa ukutani, mwalimu wa Kasuku, hata wenye maduka wa zamani wa mkate.

Lori lilikuja taratibu, jeupe, refu, likaegeshwa sambamba na mstari. Tukasikia breki ikipumua. Mlango ukafunguka juu kabisa, na Wifi akatokea na fulana yake inayong'aa, akashuka mgongo mbele kama walivyomfundisha. Watu walipiga makofi, naye akaona aibu, akajifanya anakagua tairi.

Mama alikuwa amesimama mbele, shingo ameipinda kutazama juu.

"Unakaa kule?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Nipandisheni."

Tukamwambia ngazi ni ndefu, magoti yake. Akasema magoti ni yake na anayajua. Basi Kaka akamsukuma kwa chini, Wifi akapanda akamvuta kwa juu, mwalimu wa Kasuku akashika mkoba, na kwa kelele nyingi za "taratibu!" na "mguu huu kwanza!" Mama akafika kwenye kiti cha dereva. Akajiweka sawa. Akashika usukani kwa mikono miwili. Akatazama kioo cha kulia, akatazama cha kushoto, akatuona sote huko chini tumekuwa wadogo, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sijawahi kuiona, mimi aliyenizaa na ninayelala naye chumba kimoja.

"Haya, Mama, shuka sasa," Kaka akaita. "Mwenye gari ana safari."

"Msiniharakishe," Mama akajibu kutoka juu. Kisha akamgeukia mkwe wake. "Mwanangu, honi iko wapi?"

Wifi akamwonyesha. Mama akaibonyeza, na ndege wote waliokuwa juu ya nyaya za umeme wakaruka kwa pamoja.